Mtambo Unaopima Dawa ya Kuoshea Tangi la Maziwa

Ndugu wafugaji, wengi wenu ni wale mnaopeleka maziwa kituoni kila asubuhi, huyu lita 5, yule lita 10, mwingine 20. Maziwa hayo yakishamiminwa katika tangi la kupozea hayana tena mwenyewe. Ya kwako na ya jirani yako yamekuwa kitu kimoja. Basi tangi likiwa chafu, hasara ni ya wote, hata yule aliyeosha chuchu za ng'ombe wake kwa maji safi na kitambaa safi. Gari la kiwanda likifika na maziwa yakashindwa kipimo cha alkoholi, hakuna atakayeuliza ni ya nani. Yanamwagwa, na mwisho wa mwezi wote mnakatwa.

Ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya mtambo ambao vyama vingi vya ushirika vinaletewa pamoja na tangi kubwa la kufungwa: mtambo wa kujiosha, unaopima dawa wenyewe na kuimimina wenyewe. Wafugaji wengi husema, "Hayo ni mambo ya fundi na meneja." La hasha. Mtambo ni wenu, umenunuliwa kwa senti zenu, na kuukagua hakuhitaji elimu kubwa.

Kwanza tukumbushane kwa nini tangi huoshwa kwa dawa. Ubaridi wa digrii 4 hauui vijidudu, huvizuia tu visizaane haraka. Tangi likishatolewa maziwa, likapata joto, na mabaki yakabaki pembeni, vijidudu hupata makazi. Katika hali inayovifaa, vingi huweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20. Fanyeni hesabu wenyewe: kidudu kimoja, baada ya saa 6, ni zaidi ya laki mbili na nusu.

Mabaki ya maziwa ni ya namna mbalimbali, na kila namna ina adui yake. Mafuta na utomvu wa maziwa huondolewa na dawa ya magadi pamoja na maji ya moto. Chokaa ya maziwa na ya maji, ule ukoko mweupe unaokwaruza ukipitisha ukucha, haujali magadi. Huo huondolewa na dawa ya tindikali. Kwa hiyo mtambo huanza kwa kusuuza kwa maji ya vuguvugu. Usianze na maji ya moto sana, maana utayapika mabaki yagande kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Kisha huja magadi na maji ya moto, kisha kusuuza, kisha tindikali kwa siku zilizopangwa, na kusuuza tena. Dawa ya kuua vijidudu hutumika kabla ya kupokea maziwa mapya, kwa kufuata maandishi ya kwenye dumu.

Mkemia mmoja wa Ujerumani, Herbert Sinner, alieleza mwaka 1959 ya kwamba usafi hutokana na vitu 4: dawa, joto, muda, na nguvu ya kusugua au ya maji. Ukipunguza kimoja huna budi kuongeza kingine. Mama anayesugua sufuria kwa jivu analijua jambo hilo bila kufundishwa. Nalitaja kwa sababu mtambo tunaouzungumzia hupima dawa tu. Kama heta imeungua na maji ni baridi, utaendelea kumimina dawa kwa uaminifu kabisa, na tangi litabaki na mafuta.

Sasa tuufungue mtambo tuone ndani. Pampu inayovuta dawa ni kitu rahisi. Kuna mpira laini umekunjwa nusu duara, na juu yake vigurudumu vinazunguka vikiukamua, kama mtu anavyokamua chuchu kwa vidole. Dawa haigusi chuma chochote, inapita ndani ya mpira tu. Ndiyo maana pampu hizi zinafaa kwa dawa kali. Lakini mpira unaokaminywa kila siku huchoka. Hulegea, haurudi katika umbo lake, na kila mzunguko huvuta dawa kidogo kuliko jana. Haulii, hautoi moshi, taa ya kijani inawaka kama kawaida.

Nilifika katika kituo kimoja, sitakitaja, ambako maziwa yalikuwa yanageuka mara kwa mara. Lawama zilikuwa zimewaangukia wafugaji wa kitongoji cha mbali, eti wanachelewa njiani. Wawili walikuwa tayari wamesimamishwa kuleta maziwa. Tulipoondoa kifuniko cha pampu tuliukuta mpira umebapa kama utepe. Mpira mpya uliwekwa kwa muda mfupi sana, na tangi likaoshwa mara mbili. Kuwarudisha wale wafugaji wawili kulihitaji vikao vitatu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme mtambo wenu unaosha kwa maji lita 50, na karatasi ya dawa inasema nusu ya asilimia moja. Hiyo ni mililita 250 kila mara. Pampu inatoa mililita 125 kwa dakika, kwa hiyo imewekwa iende dakika 2. Mpira ukichoka ukatoa mililita 100 kwa dakika, kwa dakika zile zile 2 mtapata 200 badala ya 250. Sehemu moja katika tano ya dawa haikufika, na mtambo haujui, kwa sababu wenyewe unahesabu dakika tu.

Lakini dumu linajua. Dumu la lita 20 lina mililita 20,000. Ukigawa kwa 250 unapata mara 80. Tangi likioshwa mara moja kwa siku, dumu liishe kwa siku 80, na kila juma lishuke mililita 1,750, yaani karibu lita 2 kasorobo. Bandikeni utepe mweupe ubavuni mwa dumu, mchore mstari kwa kila lita, na mwandike tarehe kila Jumamosi mahali dawa ilipofikia. Kazi hiyo ni ya nusu dakika. Kama juma zima dawa imeshuka lita 1 tu, msingoje maziwa yageuke, iteni fundi. Na kama imeshuka lita 4, ama pampu imepangwa vibaya, ama kuna anayeichota.

Juu ya kuichota niseme wazi. Wapo wanaoomba dawa ya magadi ya tangi wakaoshee makopo yao nyumbani. Magadi makali hula alumini. Kopo la alumini litachunika, litakuwa na vishimo vidogo, na vishimo hivyo ndivyo nyumba ya vijidudu. Tena dawa yenyewe huchoma ngozi na hupofusha macho. Makopo yana sabuni yake.

Mara moja kwa mwezi pimeni pampu yenyewe. Mtoe mrija kwenye dumu, muusuuze vizuri, muutie kwenye ndoo ya maji safi, halafu muendeshe pampu dakika 1 na kukinga kinachotoka kwa jagi la kupimia. Mlinganishe na kiasi kilichoandikwa siku mtambo ulipofungwa. Kama hakikuandikwa, fundi aje akiandike kwa kalamu ya wino ukutani. Mpira wa pampu ni wa bei ndogo ukilinganisha na tangi moja la maziwa lililomwagwa. Kamati iweke wa akiba kabatini.

Ipo mitambo ya hali ya juu zaidi, ambayo haihesabu dakika, bali hupima maji yenyewe. Maji matupu hupitisha umeme kidogo. Ukiyatia magadi au tindikali hupitisha zaidi. Mtambo una vijiti viwili majini vinavyopima jambo hilo. Ukiona dawa haijatosha unaendesha pampu, ikitosha unaisimamisha. Ni akili nzuri, ila ina upofu wake. Vijiti havitambui ni kitu gani kilichomo majini. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, umeme hupita kwa wingi hata kabla ya dawa, na mtambo ukidanganyika utaweka dawa pungufu. Vijiti vikishika ukoko, mambo hugeuka: umeme haupiti vizuri, mtambo unadhani dawa haipo, nao unamimina tu. Joto nalo huongeza kipimo kwa kiasi cha asilimia 2 hivi kwa kila digrii moja, kwa hiyo mtambo mzuri hupima joto pia na kusahihisha. Fundi anayeufunga apimiwe maji ya kisima chenu hapo hapo, asitumie hesabu aliyokuja nayo kutoka mjini.

Mingine hutunza kumbukumbu, na hata kumpelekea meneja ujumbe wa simu dawa ikiisha au maji yakiwa baridi. Vizuri. Lakini ulizeni kabla ya kununua: ujumbe unakwenda kwa nani akiwa likizo? Na umeme ukikatika katikati ya kuosha, mtambo unaanza upya, unaendelea ulipoishia, au unaruka? Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hilo la umeme arudi na bidhaa yake.

Kwa maoni yangu, kituo chenye tangi dogo la wazi, linaloweza kusuguliwa kwa mkono, hakihitaji mtambo huu. Jagi la kupimia, maji ya moto, brashi na mhudumu anayelipwa kwa wakati vinatosha. Tangi la kufungwa ambalo mtu hawezi kuingiza mkono ni jambo lingine.

Nimeacha la hatari kuliko yote. Madumu ni mawili, la magadi na la tindikali. Dawa nyingi za magadi zimetiwa klorini. Klorini ikikutana na tindikali hutoa hewa ya sumu, rangi ya kijani yenye umanjano, inayoziba pumzi. Ndani ya chumba kidogo inaweza kuua. Kwa hiyo mirija isibadilishane kamwe. Dumu moja lipakwe rangi nyekundu na mrija wake vivyo hivyo, jingine buluu, na yakae mbalimbali. Anayebadilisha dumu avae glavu na miwani, mlango ukiwa wazi. Dawa ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati. Madumu matupu yatobolewe, yasiende nyumbani kutiwa maji ya kunywa au mafuta ya kula.

Na baada ya kusuuza kwa mwisho, mjumbe wa zamu achukue maji yanayotoka chini ya tangi na kuchovya karatasi nyekundu ya litmasi. Ikigeuka buluu, magadi bado yamo. Suuzeni tena kabla hamjafungua mlango kwa wafugaji wa asubuhi.

Juma lijalo mwenzangu atawaeleza juu ya ugonjwa wa kiwele.