Nyumba ya Ibada na Kazi Zake



Kanisa la Ngome la Wittenberg, Ujerumani, lilijengwa na Mtawala Friedrich kuitunza hazina yake ya masalia ya watakatifu. Watu waliyaendea wakitumaini kupunguziwa adhabu ya dhambi. Tangu 1507 likawa pia kanisa la Chuo Kikuu, na mlango wake ukawa mahali pa kubandikia matangazo. Mapokeo husimulia kuwa hapo ndipo Martin Luther alipobandika hoja 95, tarehe 31 Oktoba 1517. Mwaka 1546 alizikwa humo.

Mwaka 1760 moto wa vita uliliteketeza kanisa pamoja na mlango ule. Mwaka 1892 liliwekwa wakfu upya kuwa ukumbusho wa Matengenezo, na Neno lingali likihubiriwa humo.

Masalia hayapo, mlango wa mbao haupo, Neno lipo. Basi usharika unaotimiza miaka 100, ukijadili hatima ya kanisa lake la kwanza, usihesabu mabati na matofali peke yake. Watoto wa Shule ya Jumapili wakifundishwa Injili mahali walipobatizwa babu zao, nyumba hiyo haijashushwa heshima. Imeendelea na utume wake.

Amina.