MKANDA WA INJINI UNAORUKA: TUTAFUTE KISA CHAKE

(Mazungumzo kwa madereva na mafundi wanachama)

Ndugu wanachama, madereva, mafundi na matanboi,

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kitu kidogo kilichowatia wenzetu wengi katika hasara na ugomvi. Kitu hicho ni mkanda wa injini, ule unaozungushwa na puli ya krankshafti, nao ukazungusha alternata, na katika magari mengi pampu ya maji na pampu ya usukani pia. Mkanda ukikatika kwa uzee hakuna ajabu, maana ni mpira na nyuzi, na kila kitu kina mwisho wake. Lakini mkanda unaoruka kutoka mahali pake, ukarudishwa, ukaruka tena, hilo ni shauri jingine. Hapo ndipo tajiri husema, "Dereva huyu anaharibu gari," au, "Fundi huyu hakufunga vizuri," kisha bei ya mkanda hukatwa katika mshahara. Sisi twasema kwamba mkanda unaoruka ni shahidi, na mwizi yuko karibu naye. Basi tumkamate mwizi kabla ya kununua mkanda mwingine.

Kwanza, tulinde mikono yetu. Zima injini, toa ufunguo, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Ngoja injini ipoe, na utoe waya wa hasi wa betri, kwa sababu katika magari mengi feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Vua pete, kunja mikono ya shati. Mkanda una spea dukani, kidole hakina.

Pili, msome huyo shahidi. Usiutupe mkanda wa zamani, utazame kwenye mwanga. Ukiwa umelika ukingo mmoja tu na nyuzi zimetoka upande huo, puli hazikai katika mstari mmoja. Ukiwa unang'aa ubavuni kama kioo, umekuwa ukiteleza kwa kulegea. Ukiwa umevimba na kulainika, umelishwa oili au maji ya rediata, na hapo dawa ni kuziba mvujo kwanza. Kama ni ule mkanda mpana wa mifereji, na mfereji mmoja umechunika, angalia kama kijiwe au tope kavu limekwama ndani ya puli. Sisi tunaosafiri katika barabara za vumbi na kokoto twajua jinsi kitu hicho kilivyo rahisi kuingia.

Tatu, jaribu kila puli kwa mkono wakati mkanda umetolewa. Ishike kwa pande mbili uitikise. Ikicheza, beringi yake imekwisha. Kisha izungushe. Ikikwaruza, ikilia au ikikwama, hiyo nayo haifai. Mara nyingi beringi mbaya ya pampu ya maji au ya alternata huinamisha puli kidogo tu, hata jicho lisione injini ikiwa imezimwa, lakini injini ikichemka na kasi ikiongezeka, mkanda hutupwa nje.

Nne, angalia mstari. Weka rula ya chuma iliyonyoka juu ya nyuso za puli mbili ambazo zapaswa kuwa sawa. Ikigusa moja na kuacha nafasi kwa nyingine, tafuta sababu: bolti ya kishikio imelegea, washa imesahauliwa, au alternata iliyofungwa si ya injini hiyo. Kukaza mkanda zaidi hakuponyi puli iliyo kombo, bali huua beringi upesi.

Tano, angalia mkazo. Mkanda wa pembe, ule mwembamba wa zamani, ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu kuliko zote, katika injini nyingi hushuka kama nusu inchi, yaani milimita 10 hadi 13. Kitabu cha gari kikitoa kipimo kingine, kifuate hicho. Mkanda wa mifereji wenye puli ya kukazia ya springi haupimwi hivyo. Huo, sukuma mkono wa springi kwa spana, kisha uuache urudi polepole. Ukienda kwa kukwama, au ukirudi bila nguvu, springi imechoka, na hata ukifunga mkanda mpya kila juma utaruka tu.

Sita, usisahau puli ya krankshafti. Katika injini nyingi puli hii ni vipande viwili vya chuma vilivyoshikanishwa kwa mpira. Mpira ukiachana, duara la nje husogea. Chora mstari wa chaki kutoka kitovu hadi ukingo, rudisha mkanda, washa injini kidogo ukiwa umesimama mbali, kisha uzime. Mstari ukiwa umekatika pawili, puli imekufa.

Mwisho, linganisha mkanda mpya na namba ya gari, na uhesabu mifereji. Wala usiupachike kwa kuulazimisha na bisibisi. Nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana, na mkanda mpya huanza safari ukiwa mgonjwa.

Ndugu madereva, mkanda ukiruka njiani, taa ya betri huwaka, na usukani waweza kuwa mzito. Simama mahali pa salama. Ukisema utamalizia mlima wa Timboroa kwanza, na pampu ya maji haizunguki, gasketi ya silinda hedi itaungua, na hapo maneno ya tajiri yatakuwa makubwa kuliko bei ya mkanda. Kifuniko cha rediata kisifunguliwe ikiwa moto.

Sasa shauri la mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Beringi iliyolika kwa kazi si kosa la makusudi la mtu. Lakini mtu asiye na ushahidi hushindwa hata akiwa na haki. Kwa hiyo andikeni katika daftari la gari tarehe, masafa, upande uliolika, na puli iliyokutwa ikicheza. Mwambieni msimamizi kwa maandishi, mbaki na nakala, na mkanda wa zamani uwekwe. Siku ya kuulizwa, mleteeni mwakilishi wetu vitu hivyo, naye atakuwa na la kusema.

Fundi na dereva wasitupiane lawama mbele ya tajiri. Wakae pamoja chini ya boneti, watafute kisa, kisha waseme neno moja.

Umoja ni nguvu.