Damu ya Pwani, Damu ya Mlimani



Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa hapa Kenya na kusoma Oxford, alikuja kupima damu za watu. Akakuta ajabu: Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa 100 wana chembe zinazopinda kama mundu, yaani selimundu. Nyanda za juu, hata 1 hafiki! Mwaka huo huo mkemia wa Marekani, Linus Pauling, alionyesha kasoro iko ndani ya himoglobini yenyewe. Allison akamwangalia mbu. Mwaka 1954 akaeleza: mtoto aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hukingika na malaria kali. Akirithi kwa wote wawili, hayo ndiyo maradhi: maumivu ya mifupa, damu kupungua.

Sasa jamani, mbona mke peke yake ndiye aambiwaye ana mkosi? Baba katoa, mama katoa, sawasawa. Wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Na kipimo ni damu kidogo tu, kabla ya posa. Mimi nimeshapima. Mchumba, nikijaaliwa kumpata, nitamwomba naye apime.