Mtungi wa Gesi na Kopo la Dawa: Usalama wa Nyumba ni Haki



Tumekutana hapa Kihesa kuzungumzia mtungi wa gesi ya kupikia na kopo la dawa ya kupuliza mbu. Huenda wengine wakauliza: mambo haya yanahusianaje na haki na amani? Yanahusiana sana, kwa maana vitu hivi sasa vinalala pamoja nasi, mara nyingi katika chumba kimoja cha kupanga, chenye dirisha dogo ambalo baridi ya Juni na Julai hutulazimisha kulifunga.

Gesi ya mtungi ni propani na butani, zilizoshindiliwa hata zikawa majimaji. Ikivuja, haipandi juu kama moshi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kutuama chini ya kitanda, ikingoja cheche. Kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya hutiwa kwa makusudi ili ituonye.

Kopo la dawa ni ndugu wa mtungi huo. Zamani makopo mengi yalitumia gesi za klorofluorokaboni, ambazo hazikushika moto lakini ziliharibu tabaka la ozoni. Baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, viwanda vingi viligeukia butani na propani. Basi anayepuliza dawa karibu na jiko linalowaka anaukaribisha moto. Kopo linaloonekana tupu, likitupwa katika taka zinazochomwa, hupasuka. Na kando ya taka hizo hucheza watoto wetu. Aidha, dawa yenyewe huwasha macho na koo, na humbana kifua mwenye pumu.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka katika kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa katikati ya makazi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 270 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo mahali pale, pamoja na mambo mengine kwa sababu ya wingi wa wakazi. Katazo lilikuwapo, lakini halikuwalinda watu. Faida ilikuwa ya wachache. Majeraha yalikuwa ya majirani.

Kwetu Tanzania, mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono. Moshi wa kuni na mkaa hudhuru mapafu, na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Hatusemi turudi nyuma. Tunasema kwamba anayeuziwa mtungi bila kuelezwa namna ya kuutumia ametendewa nusu ya haki.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

Kwanza, kila kaya iujue mtungi wake. Usimame wima, mahali penye hewa, mbali na moto. Mpira na viungio vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Harufu ikisikika, tufunge mtungi, tufungue milango na madirisha, tutoke nje. Tusiwashe wala kuzima taa.

Pili, dawa ya mbu ipulizwe moto ukiwa umezimwa, vyakula na maji vikiwa vimefunikwa, watoto wakiwa nje. Kisha chumba kipitishwe hewa kabla ya kulala.

Tatu, muuzaji adaiwe maelezo kwa Kiswahili, na mwenye nyumba adaiwe dirisha linalofunguka. Anayejaza mitungi kienyeji katikati ya makazi aripotiwe kwa serikali ya mtaa na kwa zimamoto, namba 114. Huko si kumchongea jirani. Ni kuwalinda majirani wote.

Ndugu zetu, kabla ya jumuiya kukutana tena, kila kiongozi azitembelee kaya zake, akianzia kwa wazee na wajane wanaoishi peke yao, na kupima mitungi pamoja nao. Kipande cha sabuni na maji kidogo vinatosha kuanzia.