Mkubwa akipatikana na TB, watoto wa nyumba hiyo wapimwe

Mazungumzo ya afya kwa mikutano ya wazazi, Thika na Ruiru



Mtoto mdogo akipatikana na TB, yaani kifua kikuu, wengi husema ni baridi ya Julai iliyomwingia. Baridi haileti TB. Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaosambaa hewani mgonjwa anapokohoa au kuongea. Kwa mtoto mdogo, mgonjwa huyo mara nyingi ni mkubwa anayeishi naye: baba, mama, nyanya, mjomba au yaya.

Kiandutu, Kiganjo, Githurai na Kihunguro, familia nyingi hulala katika chumba kimoja cha kupanga. Usiku dirisha hufungwa kwa kuogopa baridi na wezi, na wote huvuta hewa ileile hadi asubuhi. Baba akikohoa na kuficha, anayeumia kwanza ni mtoto wa chini ya miaka 5. Kinga ya mwili wake bado changa, na TB inaweza kumfikia hadi kwenye utando wa ubongo. Chanjo ya BCG anayopewa anapozaliwa humkinga dhidi ya TB kali ya aina hiyo, lakini haizuii TB yote.

Dalili za mtoto hazifanani na za mkubwa. Huenda asikohoe sana wala asiteme makohozi. Huacha kucheza, hukosa hamu ya kula, hupata homa za mara kwa mara na haongezi uzito. Mama afungue kitabu cha kliniki: mstari wa uzito ukilala au ukishuka, mtoto apelekwe hospitali. Asiyeweza kutema makohozi anaweza kupimwa kwa kinyesi, au daktari ampige picha ya kifua na kuuliza nani nyumbani anakohoa. Jibu la kweli kwa swali hilo ni nusu ya matibabu.

Zamani wazazi walilazimika kuvunja na kusaga tembe za wakubwa, chungu, wakikisia kipimo. Oktoba 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kuwapa watoto kote nchini tembe zilizotengenezwa kwa ajili yao: zina ladha ya matunda na huyeyuka katika maji. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi 6, na dawa za TB ni za bure katika hospitali za umma.

Mtoto aliyeishi na mgonjwa lakini hana TB hupewa dawa za kuizuia. Kwa hiyo kumpeleka akiwa bado mzima si kupoteza nauli.

Vijana wana shida yao. TB ya kijana huambukiza kama ya mkubwa, naye hukaa darasani na bwenini na wenzake. Wengi huona haya. Baada ya miezi 2 anajisikia mzima, anaziacha dawa, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Kijana huyo anahitaji mtu mmajo nyumbani na mwalimu mmoja shuleni wanaojua siri yake na kumkumbusha bila kumwaibisha. Akishameza dawa ipasavyo kwa wiki kadhaa, na daktari akathibitisha, anarudi darasani. Hakuna sababu ya kumtengea kikombe wala sahani, kwa kuwa TB haipitii vyombo.

Basi mkubwa anayekohoa apimwe. Akipatikana na TB, awapeleke watoto wote wa nyumba hiyo, hata walio wazima, katika kituo cha afya kilicho karibu, Hospitali ya Thika Level 5 au Hospitali ya Ruiru. Mhudumu wa afya ya jamii akibisha mlango kuuliza habari za kikohozi, afunguliwe. Na mchana, madirisha yafunguliwe.