Kupunguzwa Kazi kwa Watengenezaji Programu: Tujiandae Tungali na Ajira

Utangulizi



Mwezi Januari 2023, Google ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 12,000 duniani. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaionja hali hiyo. Mwaka 2019, Andela, iliyojulikana kwa kuwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo, iliwaachisha kazi mamia ya watengenezaji programu, wakiwemo wa Uganda. Maelezo yake yalikuwa kwamba wateja walitaka wenye uzoefu, na chipukizi walikuwa wamezidi mahitaji.

Vijana wale hawakuponzwa na uvivu. Hoja yangu leo ni kwamba bidii peke yake haimlindi mtu. Kinacholinda riziki yake ni kuzijua haki zake na kuielewa kwa kina biashara anayoitengenezea programu.

Haki zetu kisheria

Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi kwa maandishi, amjulishe afisa wa kazi, alipe siku za likizo zilizobaki, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa utumishi uliokamilika. Aliyetumikia miaka 6 hupata takriban mishahara ya miezi 3. Fedha hizo huisha upesi kwa mwenye kodi ya nyumba na karo.

Anayefanyia kampuni ya nje kazi kama mkandarasi binafsi kwa kawaida hana hata kinga hiyo. Huyo anategemea vipengele vya mkataba wake na akiba yake.

Ujuzi wa kuhama nao

Tuchukue mfano wa malipo ya M-Pesa dukani. Mteja anaingiza namba ya siri, fedha zinakatwa, lakini jibu halifiki kwenye seva ya duka. Mfumo unasema hajalipa, naye ameshika simu yenye ujumbe wa uthibitisho. Asiye na uzoefu hukimbilia kubadilisha msimbo. Anayeijua kazi huulizia kwanza hali ya muamala ule, kisha hulinganisha kumbukumbu za mfumo na taarifa ya malipo ya siku. Tena huhakikisha kuwa jibu likiletwa mara mbili, malipo yanaandikwa mara moja tu.

Ujuzi huo unabaki na thamani hata lugha ya programu ikibadilika. Mwenye nao anaweza kuhamia ukaguzi wa mifumo, uchambuzi wa mahitaji ya biashara, au kitengo cha malipo cha benki au sacco.

Mapendekezo

1. Soma mkataba wako upya: notisi, likizo, na nani anamiliki kazi yako.
2. Weka akiba kila mwezi, hata kidogo.
3. Andika matatizo uliyotatua na matokeo yake, bila kuchukua msimbo wala siri za mwajiri.
4. Kaa na wahasibu na wahudumu wa wateja, ujue programu yako inawafaa au inawakwamisha wapi.
5. Dumisha mawasiliano na mliowahi kufanya kazi pamoja. Wao ndio mashahidi wa kazi yako.

Hitimisho

Uamuzi wa kupunguza wafanyakazi hufanywa kwenye vikao ambavyo hatualikwi. Maandalizi yamo mikononi mwetu. Namsihi kila mmoja wetu aanze wiki hii, kwa kuusoma mkataba wake.