MAZUNGUMZO JUU YA KUCHAGUA GARI NDOGO YA ABIRIA ILIYOKWISHA TUMIKA

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na fundi wa magari mbele ya wafanyakazi wa Serikali waliojiunga katika vikundi vya kuweka na kukopa. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wafanyakazi na wananchi wote wa Unguja na Pemba.



Nimearifiwa kwamba baadhi yenu mnachanga fedha ili mnunue gari moja ya kuwapeleka watoto skuli asubuhi, na baada ya hapo ifanye kazi ya abiria. Wengine mmekwisha kuomba mkopo utakaokatwa katika mishahara yenu. Basi ieleweke tangu mwanzo kwamba mkopo hukatwa gari ikiwa inatembea, na hukatwa vile vile gari ikiwa imepandishwa juu ya mawe uani. Kwa sababu hiyo nitazungumza zaidi juu ya mashine na chasisi, na kidogo sana juu ya rangi na redio.

Jambo la kwanza ni fedha. Tuchukue mfano wa kikundi chenye shilingi milioni 15. Kikundi hicho kikitafuta gari ya milioni 15, kitakuwa hakina kitu siku ya pili yake, na siku ya pili ndiyo siku ambayo gari iliyotumika huanza kudai haki zake: tairi, betri, oili, pedi za breki, mkanda wa taimingi, bima na gharama za kubadilisha kadi. Mimi ningekishauri kitafute gari ya milioni 12 na kuziweka 3 kando. Na anayetaka kuagiza mwenyewe kutoka Japani asihesabu bei ya huko peke yake. Aongeze nauli ya meli, ushuru na kodi, na aombe makadirio hayo kwa maandishi kabla ya kutuma fedha, kwani gari yenye umri mkubwa huweza kutozwa zaidi hata kama imenunuliwa rahisi.

Watu huniuliza kwa nini Wajapani wanauza magari ambayo bado ni mazima. Sababu moja ni sheria yao ya ukaguzi. Gari mpya ya mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa, hivyo wengi huona bora kuuza. Zaidi ya hayo, wao kama sisi huendesha upande wa kushoto, na usukani haubadilishwi. Lakini si kila gari ya Japani imelelewa vyema. Zile zilizotumika katika sehemu za theluji, kama Hokkaido, hupitishwa katika barabara zilizomwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hula chasisi kwa chini. Gari kama hiyo ikiletwa katika kisiwa chenye upepo wa bahari, kutu huendelea na kazi yake bila ya kupumzika.

Gari zinazouzwa mnadani huko huwa na karatasi ya mnada. Mwambieni muuzaji aionyeshe. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, na 3.5 ni la wastani. Herufi R au RA huonyesha gari iliyopata ajali ikatengenezwa. Herufi S katika mchoro wa gari ni kutu, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Cheti cha kusafirishia gari nje nacho huonyesha mwezi na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, nambari ya chasisi, na kilomita zilizosomwa. Linganisheni kilomita hizo na zile za dashibodi. Zikipishana kwa namna isiyoelezeka, msibishane na muuzaji, ondokeni.

Sasa nije kwenye aina za gari, hapa nitakaa kidogo. Katika magari ya Toyota yaliyotengenezewa soko la Japani, nambari ya chasisi huanza na herufi zinazotaja aina ya gari na mashine yake. Mtu akijua kuzisoma hadanganyiki kwa urahisi.

Noah ya kwanza, iliyoanza kutoka mwaka 1996, ikiandikwa SR40, mashine yake ni ya petroli ya lita 2, aina ya 3S. Ni mashine ya subira na mafundi wetu wanaijua, ila hutumia mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikiandikwa CR40, hiyo ni ya dizeli yenye turbo, aina ya 3C. Wengi huipenda kwa sababu hunywa mafuta kidogo. Mimi siipendekezi kwa kikundi chenye fedha chache. Mashine hiyo ikipata joto la kupita kiasi silinda hedi yake hupata ufa, na gharama ya hedi moja humeza akiba ya mafuta ya muda mrefu. Katika Noah hizi zote za mwanzo mashine imefichwa chini ya viti vya mbele, na dereva asiyeinua kiti haoni kama mpira wa maji umeanza kuvuja.

Noah iliyofuata, ya mwaka 2001, ni AZR60. Mashine yake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa hiyo hutaka mafuta safi na fundi mwenye vifaa vya kupimia. Ikiunguruma kwa kutetemeka inaposimama, msikubali kuambiwa kwamba ni plagi tu. Ile ya mwaka 2007, ZRR70, ina giaboksi isiyokuwa na hatua za gia, nayo hutumia oili yake maalumu. Ukiitia oili ya giaboksi ya kawaida umeiua.

Kwa kazi ya abiria kila siku bado naiona Hiace kuwa bora, ingawa bei yake hupanda. Zile za mwaka 2004 na kuendelea zikianza na TRH ni za petroli, na mashine zake hutumia mnyororo badala ya mkanda. Zikianza na KDH ni za dizeli ya mfumo wa kisasa, na pampu yake na nozeli zake hazitaki dizeli yenye maji wala uchafu. Anayenunua mafuta ya madumu shamba asiichukue KDH.

Siku ya kuangalia gari, nendeni asubuhi na mwambieni muuzaji asiiwashe kabla hamjafika. Mashine iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Guseni boneti kwanza. Fungueni kifuniko cha oili: mkiona ute mweupe kama tui, maji yameingia. Iwashwe, na mmoja wenu asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yaliyozidi, na mweupe usiokwisha hata mashine ikipata moto ni dalili ya maji ndani ya silinda. Kisha iendesheni si chini ya nusu saa, pamoja na kupanda mlima, huku mkitazama mshale wa joto. Tairi nazo zina tarehe yake: tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwa mfano 3518, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi yenye meno mazuri na umri wa miaka 10 si tairi.

Lazeni mkeka mtazame chini. Gongeni chasisi kwa bisibisi, hasa karibu na springi na chini ya mlango wa kuteleza. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu haikupakwa kwa ajili ya kumpendeza mnunuzi.

Nimalizie na jambo la watoto, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote niliyoyataja. Hiace nyingi zilizoletwa zilitengenezwa kubeba mizigo, na viti vya nyuma vimeongezwa baadaye na wachomeleaji. Tikiseni kila kiti kwa mikono miwili. Kiti kilichofungwa kwenye bati tupu bila ya kushikwa na chasisi hung'oka siku gari inapogonga, na mtoto huenda nacho. Tazameni mikanda, na kama mlango wa kuteleza hufunguka kwa ndani gari ikiwa inakwenda. Bomba la moshi lililotoboka chini ya sakafu huingiza hewa ya sumu ndani, na hewa hiyo haina harufu ya kumwamsha mtoto aliyelala. Gari ikiwa na kasoro ya aina hii, haitoshi muuzaji akuahidini kuitengeneza. Itengenezwe kwanza, ikaguliwe, ndipo fedha zitoke.

Fedha zenyewe zilipwe kwa benki, na kadi ibadilishwe jina siku hiyo hiyo, nambari ya chasisi ikisomwa kwenye gari na siyo kwenye karatasi. Kwa wale wanaonunua kwa mkopo, chukueni bima kubwa, angalau hadi deni litakapokwisha.